Batri ya okazioni katika mji wa kobalti

LUBUMBASHI. Leo tunawaletea habari inayoanzia chini ya kiti cha nyuma cha taksi, lakini inafika mpaka kwenye mabaraza ya wakubwa wa dunia. Ni habari ya batri. Siyo ile ndogo ya kuwasha taa na honi ambayo kila shoferi anaijua, bali ile kubwa iliyo ndani ya magari ya haibridi, ambayo kwa miaka hii yanazidi kuonekana katika barabara zetu, kuanzia Lubumbashi mpaka Bunia.

Tuchukue mfano wa baba mmoja, shemasi katika kanisa lake, anayelisha watoto watano kwa kazi ya taksi. Alinunua gari la haibridi kwa sababu linakunywa mafuta kidogo. Asubuhi moja, akiwa njiani kutoka Ruashi kwenda katikati ya mji, taa nyekundu ya pembetatu inawaka mbele yake. Anafika garaji. Fundi anaunganisha mashini ya kusoma makosa, anatikisa kichwa, anasema: "Papa, batri kubwa imekufa. Nitakutafutia ya okazioni." Batri ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika katika gari jingine. Shemasi anatoa akiba ya ada ya shule. Baada ya wiki chache taa nyekundu inawaka tena.

Mambo ya namna hii yanawapata wengi. Na yanatokea katika mji gani? Katika Lubumbashi, mji mkubwa wa mkoa wa shaba na kobalti, katika nchi inayotoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Tunauza mfuko wa unga wa madini, kisha tunanunua batri iliyochoka ya mtu mwingine. Jambo hili linataka kufikiriwa polepole, upande wa fundi, upande wa serikali, na upande wa Neno la Mungu.

Batri hii ni kitu gani?

Gari la haibridi lina mota mbili: moja ya mafuta na nyingine ya umeme. Unapokanyaga breki au kuteremka mlima, mota ya umeme inageuka kuwa dinamo na kuijaza batri. Unapoondoka, batri inarudisha nguvu ile. Ndiyo sababu gari hilo huokoa mafuta zaidi mjini, mahali pa kusimama na kuondoka kila mara. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, na gari dogo la Aqua likafuata Desemba 2011. Magari hayo, baada ya kutumiwa miaka mingi Japani, yanapanda meli mpaka Dar es Salaam, yanapita Tunduma na Zambia, kisha yanaingia kwetu Kasumbalesa, usukani ukiwa bado kuume. Wasomaji wa Goma na Bukavu wanayajua kwa njia ya Mombasa na Kampala.

Batri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu katika rafu. Kila kipande kina vyumba 6, na kila chumba kinatoa volti 1.2. Ukifanya hesabu, ni vyumba 168 vilivyofungwa kimoja baada ya kingine, na jumla ni volti 201.6. Ile ya Aqua ina vipande 20, jumla volti 144. Ndani yake kuna nikeli nyingi, kobalti kidogo, na madini mengine adimu. Maji yake ni ya potasi kali, yanayounguza ngozi na macho.

Tunaandika hesabu hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Volti 200 za namna hii zinaua. Nyaya zake zimepakwa rangi ya machungwa ili zionye. Fundi anayejua kazi huondoa kwanza batri ndogo, anavaa glavu za mpira za kazi ya umeme, kisha anatoa plagi ya usalama, na anangoja angalau dakika 10 kabla ya kugusa kitu, kwa maana umeme unabaki umejificha ndani ya vifaa hata gari likiwa limezimwa. Kijana anayefungua batri hii kwa mikono mitupu, bisibisi mkononi na simu sikioni, anacheza na kifo. Wazazi na wachungaji, mwambieni.

Sababu ya pili ni kwamba hesabu hizi zinatufundisha kwa nini batri ya okazioni inashindwa mara nyingi.

Mnyororo na pete yake dhaifu

Vyumba 168 vikifungwa katika mstari mmoja, umeme ule ule unapita katika vyote. Chumba kimoja kikichoka, kinaisha mapema kuliko vingine. Lakini vingine bado vina nguvu, navyo vinaendelea kusukuma umeme kupitia kile kilichokwisha. Kinapata joto, kinavimba, kinazidi kuharibika, na joto lake linawadhuru majirani. Ni kama kuimba kwaya na mtu mmoja asiye na pumzi: wote wanalazimika kufuata mwendo wake.

Basi fundi anafanya nini? Mara nyingi anatafuta kile kipande kibaya, anakitoa, anaweka kipande cha okazioni kutoka gari lililopata ajali. Taa inazimika. Shoferi anashangilia. Lakini vile vipande 27 vingine ni vya umri ule ule na kile kilichokufa. Mwezi huu amekufa wa saba, mwezi ujao atakufa wa kumi na tatu. Na kile kilichoingizwa, kama nguvu yake hailingani na ya wenzake, hakitaponya ugonjwa wao. Kila mara shoferi analipa kazi ya mikono, anapoteza siku, na abiria wake wanazoea taksi nyingine.

Na kubadilisha batri nzima kwa batri nzima ya okazioni? Hapo kuna nafasi zaidi, lakini tunapaswa kujua tunachonunua. Batri ya okazioni ni siku zilizobaki za batri, na hakuna aliyeandika juu ya kifuniko ni siku ngapi. Kuzeeka kwake kunategemea miaka, joto na kazi. Ikilala miezi mingi katika kontena bila kuchajiwa, inadhoofika ingawa haikutembea hata kilometa moja.

Hapa kwetu kuna jambo jingine: vumbi. Batri hii inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na mdomo wake uko karibu na kiti cha nyuma. Katika kiangazi chetu, tangu Mei mpaka Septemba, vumbi jekundu la barabara linaingia kila mahali. Feni inajaa uchafu, hewa haipiti, batri inapikwa. Kisha Oktoba inaleta joto kali. Kuna batri nyingi ambazo zingeishi zaidi kama mtu angesafisha feni ile mara moja kwa miezi michache, kazi isiyogharimu karibu kitu. Na mizigo inayowekwa juu ya mdomo wa feni, mifuko ya makala na unga, inaua batri kimya kimya.

Kabla ya kutoa pesa

Mtu asikimbilie kununua. Kwanza, ahakikishe kwamba ugonjwa ni ule. Batri ndogo ya volti 12 ikichoka, inaweza kuwasha taa nyingi za uongo. Vibao vya shaba vinavyounganisha vipande vikiota kutu ya kijani, mashini inaweza kusoma kwamba batri imekufa, na kumbe inahitaji kusafishwa tu. Fundi mwaminifu atasafisha kwanza, kisha atapima.

Pili, asikubali kipimo cha gari likiwa limesimama. Volti za batri iliyopumzika zinadanganya. Batri ya Prius ya kizazi cha pili inasomwa na kompyuta ya gari katika sehemu 14, kila sehemu vipande viwili. Gari litembee, lipande mlima, likanyagwe mafuta, huku mashini ikionyesha sehemu zote pamoja. Ikiwa moja inaanguka mbali na wenzake, batri hiyo ni mgonjwa, hata kama inang'aa.

Tatu, aulize batri imetoka gari gani, la mwaka gani, na imelala muda gani. Nne, garanti iandikwe kwa karatasi, yenye tarehe, simu na sahihi.

Tano, ahesabu kwa miezi, siyo kwa bei tu. Tuseme batri ya okazioni inauzwa dola 300 na garanti ya miezi 3. Hiyo ni dola 100 kwa kila mwezi ulio na uhakika. Tuseme nyingine yenye vyumba vipya inauzwa dola 1,200 na garanti ya miezi 24. Hiyo ni dola 50 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano, lakini hesabu ni ya kweli: kitu cha bei ndogo kinaweza kuwa ghali mara mbili. Taabu ni kwamba maskini hana dola 1,200 kwa mara moja, na hivyo analipa zaidi kuliko tajiri. Tutarudi kwenye jambo hili.

Sita, na hili tunawaambia wauzaji walio katika makanisa yetu. Kuna desturi mbaya ya kufuta kosa ndani ya kompyuta ya gari, taa ikazimika, mteja akalipa, na kosa likarudi baada ya siku chache. Kuna wengine wanaosafisha batri iliyochoka, wanaipaka dawa ya kung'aa, na kuiita mpya. Torati katika Kumbukumbu la Torati 25 inamkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na jingine dogo. Mashini ya kusoma makosa ndiyo mizani ya siku zetu. Anayeitumia ili kuficha amebeba jiwe la pili mfukoni, hata kama Jumapili anaimba katika kwaya.

Njia ya kobalti

Sasa tuinue macho kutoka garaji. Kobalti yetu inatoka Kolwezi, Fungurume, Likasi na viunga vya Lubumbashi. Sehemu kubwa inaondoka nchini katika hali ya unga unaoitwa hidroksidi, ndani ya mifuko mikubwa, juu ya malori yanayosimama katika mistari mirefu kule Kasumbalesa. Inapelekwa hasa China, ambako inasafishwa mpaka kuwa kitu cha kutengenezea batri. Kila hatua inaongeza thamani, na karibu hatua zote zinafanyika mbali na sisi.

Serikali ya Kinshasa imejaribu kushika usukani. Februari 22, 2025, kobalti ilipokuwa imeshuka mpaka karibu dola 10 kwa ratili, ilisimamisha kuitoa nje kwa miezi minne. Juni ikaongeza miezi mitatu. Kisha, kuanzia Oktoba 16, 2025, ikaweka kota: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027, chini ya usimamizi wa mamlaka inayoitwa ARECOMS. Hiyo ni chini ya nusu ya kile kilichotoka mwaka 2024. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwisho wa mwaka.

Je, ni neno jema? Upande mmoja, ndiyo. Mwenye shamba ana haki ya kukataa kuuza mavuno yake kwa hasara, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi soko la dunia lilisikia sauti ya Kongo. Lakini tusijidanganye. Kota inapandisha bei ya unga. Haitengenezi batri hata moja. Na bei ikipanda sana, watengenezaji wanatafuta njia ya kutuepuka. Tayari batri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo, zimefika karibu nusu ya soko la batri za magari ya umeme duniani mwaka 2024. Madini hayatangoja mpaka tumalize kugombana.

Kuna mpango mwingine. Novemba 2021, katika mkutano wa wafanyabiashara uliofanyika Kinshasa, ilitajwa hesabu ya shirika la BloombergNEF: kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi ya batri kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, mara tatu chini ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapewa kituo cha Afrika cha utafiti wa batri, pamoja na vyuo vya Zambia. Desemba 2022, huko Washington, Marekani nayo ikaweka sahihi ya kuunga mkono. Ni karatasi nzuri. Lakini mpaka sasa shemasi wetu wa taksi hawezi kwenda popote katika Haut-Katanga kununua batri ya gari iliyotengenezwa hapa.

Tunaona hivi: kiwanda cha kwanza cha batri katika mji huu ni garaji. Kijana wa Katuba au Kampemba anayepima vipande 28 kimoja kimoja, anayevichaji na kuvimaliza mara kadhaa ili vilingane, huku umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kazi, huyo tayari anafanya sayansi ya batri. Hana vifaa, hana cheti, hana glavu. Kituo cha chuo kikuu kingefungua mlango wake kwa mafundi kama hao kwa wiki chache tu kila mwaka, tungepata matunda kabla ya kiwanda cha mamilioni. Shule zetu za ufundi, zile ambazo makanisa yanaziendesha chini ya mkataba wa 1977 na serikali, zinaweza kufanya hivyo hivyo. Mara nyingi tunafundisha umeme wa nyumba na mota ya mazuti, na dunia imekwisha kupiga hatua.

Batri iliyokufa inaenda wapi?

Kuna swali ambalo watu hawalipendi. Tukinunua batri iliyochoka, maana yake tumenunua taka itakayokuwa yetu hivi karibuni. Mjapani aliyeuza gari amebaki na mahali safi. Batri inamalizia maisha yake katika kona ya garaji, chini ya mwembe, mahali watoto wanapocheza.

Tuna mifano ya kutuonya. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sumu ya risasi, kwa sababu watu walikuwa wakivunja batri za zamani na kuchekecha udongo wake. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kiliwatia sumu wakaaji mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, alipoona mtoto wake mwenyewe ameugua, hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaaji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika rufaa. Zile zilikuwa batri za risasi, tofauti na za haibridi. Lakini somo ni lile lile: taka ya batri haipotei, inahamia katika damu ya watoto.

Lubumbashi haihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Novemba 2025 maji ya taka za kampuni ya madini ya CDM yalifurika katika mitaa ya mji, na wizara ya madini ikasimamisha kazi zake. Watu walitembea katika maji wasiyojua yamebeba nini.

Lakini mji huu una fundisho jingine pia, nalo limesimama mbele ya macho yetu kila siku: kile kilima cheusi karibu na bomba kubwa la moshi. Kwa miaka mingi kilikuwa takataka ya kuyeyusha shaba. Kisha watu wakagundua kwamba ndani yake kuna kobalti na zinki, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wanaichimba takataka ile. Mwaka 2024 Gécamines, kwa njia ya kampuni yake ya STL, ilianza kuuza nje germaniamu iliyotoka humo. Kilichotupwa na baba zetu kikawa mali ya wajukuu. Basi kwa nini tutupe nikeli na kobalti iliyo ndani ya batri zilizokufa? Mahali pamoja pa kuzikusanyia, palipofunikwa mvua isifike, penye sakafu ya simenti na mlinzi, pangetosha kuanza. Zisichomwe, zisivunjwe kwa nyundo, zisiwekwe karibu na kisima.

Kanisa lifanye nini?

Wengine watasema: Kanisa lihubiri Injili, liache batri. Lakini Mose, alipowaeleza watu wa Israeli nchi wanayoiendea katika Kumbukumbu la Torati 8, hakuona haya kutaja madini: aliwaambia kwamba mawe ya nchi hiyo yana chuma na vilima vyake vina shaba ya kuchimba. Watu wa Katanga, ambao tangu zamani wameitwa walaji wa shaba, wanasoma mstari huo kwa furaha. Tusisahau kwamba sura haikuishia hapo. Mara moja linafuata onyo: mkishakula na kushiba, mkijenga nyumba nzuri, msije mkamsahau Mungu na kusema kwamba ni nguvu zenu zilizowapatia mali hiyo. Onyo hilo linawahusu wakubwa wanaotia sahihi mikataba. Linamhusu pia fundi anayefuta kosa ndani ya kompyuta.

Tunapendekeza mambo manne, madogo lakini yanayowezekana.

La kwanza: akiba ya pamoja. Tayari makusanyiko yetu yana AVEC na likelemba. Mashoferi kumi wa haibridi katika parokia moja, kila mmoja akiweka kidogo kila wiki, wanaweza kununua batri moja nzuri kila baada ya miezi michache, kwa zamu, badala ya kila mmoja kununua batri mbaya peke yake. Hivyo tunavunja ile hesabu inayomfanya maskini alipe zaidi. Na watu kumi wakienda pamoja kwa muuzaji, garanti inaandikwa haraka.

La pili: ushuhuda wa kazi. Wachungaji wawakusanye mafundi na wauzaji wa vipuri walio washirika, waombe pamoja nao, na wakubaliane hadharani juu ya kupima batri mbele ya mteja na kuandika garanti. Garaji yenye sifa ya ukweli itapata wateja hata kutoka kwa wasioamini.

La tatu: kuuliza juu ya fedha za madini. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema wazi: katika ushuru wa madini ambao kampuni inalipa, asilimia 50 inaenda kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa utawala wa mahali, yaani sheferi, sekta au komini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti iliwekwa katika madini ya maana ya pekee, na ushuru wake ni asilimia 10. Tena kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria hii haihusu Katanga peke yake. Inahusu bati la Bisie huko Walikale na dhahabu ya Kibali huko Watsa. Mchungaji au mwalimu ana haki ya kuuliza kwa adabu: ile asilimia 15 iliingia mwaka jana? Ilifanya nini? Kuuliza siyo uasi. Wale wenye kushika madaraka wanasaidiwa na raia wanaojua kuhesabu.

La nne: usafi. Kila kanisa lenye kiwanja liweke pipa moja la batri zilizokufa, ndogo na kubwa, pamoja na tochi na simu, na liwafundishe watoto wa shule ya Jumapili wasizifungue. Zikishakusanywa nyingi, viongozi wa mji wataulizwa kwa pamoja zipelekwe wapi. Ni rahisi kujibu barua ya makanisa hamsini kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Kwa ndugu zetu wa mashariki

Kwa ninyi mlio Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na mahali pengine ambako vita imekata barabara na kufunga mabanki, habari hii ya batri inaweza kuonekana kama habari ya watu walioshiba. Hatusemi hivyo kwa kusahau machozi yenu. Tunaiandika kwa sababu jeraha ni moja. Koltani, bati, dhahabu na kobalti vyote vinaondoka kwa njia ile ile: vinatoka vikiwa udongo, vinarudi vikiwa vitu vilivyochakaa, na katikati kuna watu wanaotajirika, wengine kwa mikataba, wengine kwa bunduki. Siku tutakapojifunza kutengeneza, hata kama ni kutengeneza upya tu kilichochoka, tutakuwa tumeanza kuufunga mlango ule ambao wenye bunduki wanapitia.

Tumrudie shemasi wetu. Hakuna neno la hekima litakalomrudishia ada ya shule aliyoipoteza. Lakini mtu mmoja katika kusanyiko lake angaliweza kumwambia mapema: "Papa, ngoja, tupime kwanza feni na vibao." Mwingine angaliweza kumkopesha. Muuzaji angaliweza kumwambia ukweli. Hayo yote yako ndani ya uwezo wetu leo, kabla Kinshasa haijaamua, kabla Washington na Beijing hazijakubaliana.

Tuombe kwa ajili ya mafundi wetu, mikono yao ilindwe na midomo yao iseme kweli. Tuombe kwa ajili ya wachimbaji walio chini ya ardhi saa hii. Tuombe kwa ajili ya wale wanaotia sahihi kwa jina letu. Na tukimaliza kuomba, tuinuke, tukasafishe feni.